Wafalme Wawili Mkononi

Ndugu yangu uko wapi, shika simu. Nimeharibu.

Nilikuwa nacheza poka na shemeji kule nyuma ya kinyozi. Nikapata wafalme wawili. Wawili, mwanzo kabisa, kabla karata za mezani hazijafunuliwa.

Shemeji akasukuma pesa zote alizokuwa nazo katikati ya meza. Shemeji yule yule ambaye hata chai ya vuguvugu anaipuliza. Hapo ndipo nilipopaswa kutupa karata. Mtu kama yule hasukumi bila ree mbili, na ree ndizo pekee zinazowapiga wafalme.

Akaniambia, "Shemeji, tupa." Taratibu, kama anayenihurumia. Mimi nikadhani ananitisha.

Sikuwa na cha kuweka. Nikaweka cherehani ya mke wangu. Na mke wangu ni dada yake shemeji, unanielewa?

Akafunua. Ree mbili. Mezani hakikutoka cha kuniokoa.

Nikamsihi tuyamalize hapo hapo. Akasema, "Cherehani sichukui. Ila leo hii utamwambia mwenyewe, la sivyo nitamwambia mimi."

Nimefika nyumbani. Mke wangu anashona gauni la bibi harusi. Ameniangalia, akanisogezea kiti. "Kaa, mume wangu, umechoka."

Nimekaa. Naanzia wapi?