Sala mbele ya mikate

Mama mupenzi,

Amani ikuwe kwako na kwa bote ba nyumba pale Mususa. Huku Beni joto ni mingi, ninatamani hata ile baridi yetu ya asubui.

Mama, film yetu fupi ya publicité, ya kutangaza mikate, haikuchaguliwa. Patron, mwenye bulanjeri kwenye banachoma mikate, alialika bikundi bibili bya banafunzi, sisi na benzetu, kila moja itengeneze film ya mikate yake, na ile atapenda ionyeshwe kwa televizyo. Alikamata ya benzetu.

Siku yetu, mbele ya kuanza, mama muzee wa patron alisema tuombe kwanza. Nikazima kamera, nikafunga macho, sawa vile ulitufundisha. Lakini sala ilikuwa murefu, nikafungua jicho moja. Mama! Alikuwa amenyoosha mikono yulu ya mikate yenye kutoka kwa moto, unga kwa vidole, muvuke inamupanda mupaka kwa uso. Kamera ilikuwa inalala kwa magoti yangu. Nikafunga jicho tena.

Patron aliangalia film yetu, akauliza tu: "Mikate ninaiona. Lakini mama yangu iko wapi?"

Benzetu, wakati mama muzee aliomba siku yao, bo habakuzima kamera.

Mupaka leo sijue nijute nini, kuzima kamera ao kufungua jicho. Salimia baba. Siku nitafika, utuombee chakula polepole, hata ipoe. Nitafunga macho yote mbili. Kamera njo itabaki wazi.

Mutoto wako,
Kahindo