Rimoti Ndani ya Nailoni

Salim, rafiki yangu,

Mama yako bado anakaa hapa Eagan, huku ughaibuni, kwake, kama alivyotaka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Lakini baridi ya mwaka huu nusura imhamishe.

Ile rimoti uliyomtengenezea, moja ya kuendesha televisheni, taa, feni na hita, ilifanya kazi vizuri mezani kwako. Kila kitufe ulikipa umbo lake ili akijue kwa kidole, maana macho yake yanazidi kufifia. Ulipotutoka, mama yako, Bi Zuhura, aliivisha nailoni akaikaza kwa mpira, kama rimoti zote za nyumbani Mombasa. Maumbo yakapotea humo. Asubuhi moja alidhani anazima taarifa ya habari, kumbe amezima hita. Akajifunika blanketi, akasinzia. Dada yako Mwanajuma alimkuta vidole vimekufa ganzi.

"Anahamia kwangu Blaine, na sitaki mjadala," Mwanajuma akaniambia. Simlaumu. Lakini kule bila gari huendi popote, na hapa mama yako ana wenzake wa msikitini na majirani anaowapikia mahamri.

"Blaine nitakuwa kama friji," alisema. "Nimesimama jikoni, nangoja mtu aje anifungue."

Tulimwomba aivue nailoni. Akanitazama kama niliyemtukana. "Hii ndiyo kazi ya mwisho ya mwanangu. Mnataka ichakae?"

Nikakumbuka maneno uliyokuwa ukiyarudia hata tukiwa tunakula: rimoti ikimshinda mama, kosa ni la rimoti. Basi nailoni ikabaki.

Mimi ni mwandishi wa habari. Sijui kuunganisha waya. Najua kuuliza na kutazama. Nilikaa naye kwenye kochi, nikaangalia kidole chake kinapotelea wapi, kisha nikampelekea mwenzako wa karakana niliyoyaona. Tumetengeneza rimoti nyingine, kitufe cha hita tumekitenga upande wake, nyuma ya tuta linalosikika kidoleni hata chini ya nailoni. Na sasa hita haizimiki kwa kubonyeza tu. Unashikilia kitufe mpaka rimoti itetemeke mkononi. Vingine tumeviacha ulipoviweka.

Jumamosi nilimpa hiyo mpya, nimeifunga nailoni na kuifunika kwa leso asiione. Mwanajuma alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Nikamwambia mama azime televisheni. Ikazimika. Taa nazo. Hita ikaendelea kunguruma. Kisha akaizima hita, akaiwasha tena, kwa makusudi, huku akimtazama binti yake.

"Wewe mwandishi," akaniambia, "leo umeandika kitu kinachosomeka."

Mwanajuma akavua koti, akaketi. Amekubali mama abaki, mradi hita isizimwe tena kwa bahati mbaya.

Nimeandika habari za vifo vingi, Salim. Hiki sijakizoea, na sidhani nitakizoea. Rimoti yako ya kwanza iko kabatini, ndani ya nailoni yake. Hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi.

Pumzika, ndugu yangu. Kila baridi ikianza nitakaa kwenye lile kochi nitazame kidole cha mama. Kikipotea tena, tutaibadilisha rimoti. Yeye hatutambadilisha.

Rafiki yako,
Mwakio