Kicheko Kinachobaki Msamala

Mjimwema, Songea

Dada yangu mpendwa Hilda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbesa, wewe na shemeji Saimon, pamoja na mtoto ambaye bado sijambeba. Sisi hapa tunaendelea. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa na tumeanza kuchoma. Utashangaa kuona naandika wakati simu ipo, lakini nikipiga mama huwa karibu, na haya siwezi kuyasema akisikia.

Habari njema ni kwamba mama anakula. Nilikuficha hali yake kwa sababu ulikuwa na kichanga. Tangu tumzike baba alikuwa analala ameelekea ukutani, presha ikapanda, na dawa nilikuwa nazikuta chini ya mto. Ndipo jirani yetu Mama Saada, yule muuguzi mstaafu, akaomba ampeleke kwenye kikundi chake cha mazoezi ya kucheka.

Wanakutana asubuhi uwanjani Msamala. Husimama duara, hupiga makofi, hutazamana machoni, kisha huanza kucheka bila kichekesho chochote. Mwanzoni kicheko ni cha kujilazimisha, halafu kinakuja chenyewe. Mama Saada anasema mapafu yanafunguka na mawazo yanapungua. Vijana wa bodaboda wakipita huuliza kama wodi ya vichaa imehamia uwanjani, na Mama Saada huwajibu kwamba nafasi zao bado zipo. Mimi unanijua, niliona aibu. Nilikwenda ili kumshika mama mkono tu, na mdomo nikaufunika kwa khanga kama kawaida yangu.

Mama Saada akiinua mkono, wote hunyamaza. Lakini asubuhi moja aliinua mkono, tukanyamaza, na kicheko kimoja kikabaki. Kilikuwa cha mwanamume, kinatoka chini kabisa kifuani na kuishia kwenye mluzi mwembamba. Kikanyamaza kama kimekwisha, kisha kikaanza tena. Dada, unakijua. Kilikuwa cha baba.

Watu walitazamana. Mzee Otto, mmoja wa wanakikundi, alikwenda kuchungulia nyuma ya ukuta, akakuta mbuzi wanakula maganda. Mama hakutafuta kitu. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Siku hiyo aliomba mwenyewe ugali na dagaa wa Nyasa.

Kikaja tena asubuhi nyingine, na nyingine. Mzee Otto ameacha kuja. Amesema hawezi kucheka na mtu asiyemwona. Mama Saada naye sasa husoma dua kimoyomoyo kabla hatujaanza.

Kuna jambo la msibani hukuambiwa, kwa kuwa ulikuwa umejifungua siku ile. Mzee Bakili, mtani wetu wa huko kwenu Tunduru, alikuja kufanya utani kama inavyotakiwa. Alivaa koti la baba, akachechemea kama yeye, na alikuwa anajiandaa kucheka kama yeye mbele ya jeneza, ili watu wacheke na baba aende zake. Baba mdogo Yohanes alimzuia. Wageni wake wa ofisini walikuwa wamekaa pale, akaona atachekwa. Alimwambia hapa si kwenye sarakasi. Mzee Bakili alilivua koti, akalikunja, akanikabidhi mimi niliyekuwa karibu, na kusema, “Mtamzika mtu, kicheko chake mtakiacha humu ndani. Shauri yenu.”

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Wiki iliyopita Mama Saada alinivuta pembeni karibu na bomba, akaniuliza kama kifua kinaniuma. Nikasema hapana. Akanitazama kwa huruma, akasema, “Leticia mwanangu, ni wewe.”

Alikuwa amenichunguza: mdomo umefunikwa, lakini mabega yanatikisika na mishipa ya shingo imesimama. Dada, naapa sikujua. Nilidhani nimenyamaza kama wengine.

Kesho yake niliing’ata khanga kwa nguvu. Mkono ulipoinuliwa, kukawa kimya. Mama alifumbua macho, akazunguka akitazama uso wa mmoja mmoja, kisha akaketi kwenye majani. Hakula mchana wala jioni, na dawa nilizikuta chini ya mto.

Asubuhi iliyofuata niliiachia khanga.

Tangu hapo nacheka huku najua, na mama anapona. Tukirudi nyumbani hunimiminia chai kabla yake, katika kikombe cha baba. Jana alinishika mkono, akaniambia taratibu, “Usichoke, baba Hilda.”

Nakuomba uje. Ukiweza mtafute mzee Bakili umwombe radhi, mje wote, amalize alichozuiwa. Nataka wewe uwe umemshika mama siku hiyo nitakaponyamaza, maana peke yangu sitathubutu.

Na jingine. Juzi nilijaribu kucheka peke yangu jikoni, nisikie changu kikoje. Kikatoka kile kile cha baba, na mluzi mwishoni. Miaka yote nimekuwa nikifunika mdomo, sikuwahi kukisikiliza changu vizuri. Wewe ulinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Kama unakumbuka nilivyokuwa nacheka, ukifika unionyeshe.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Salamu za mama sikuziomba, kwa kuwa hajui kama naandika.

Mdogo wako akupendaye,
Leticia