Tairi la Nyuma, Kushoto

Jumatatu, 2 Juni
Limelala tena. La nyuma, kushoto. Nimepiga pampu ya mguu kabla ya kwenda kazini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Uyole. Kibandiko cha mlango wa gari kinataka upepo wa thelathini na mbili. Geji ilisoma kumi na nane. Na juzi tu nilijaza upepo sheli.

Nimechelewa zahanati. Nimenuna siku nzima.

Iringa wananitaka Ijumaa. Hospitali, nesi wa wodi ya watoto. Nimeitafuta nafasi hii tangu mume wangu Ayubu afariki. Jana nilimwambia Mama mkwe. Alisema, "Sawa," akaendelea kuchambua maharage.

Jumanne, 3 Juni
Fundi pancha kalizamisha tairi kwenye beseni la maji. Hakuna povu. Kapaka sabuni kwenye valvu. Hakuna.

"Dada, tairi lako zima. Baridi inapunguza upepo, ila siyo hivi. Kuna mtu anautoa."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Geti letu tunalifunga kwa kufuli. Ndani tunaishi wawili, mimi na Mama.

Jumatano, 4 Juni
Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Ayubu alikuwa mwanawe wa pekee. Kanisani wananisifu: mkwe gani huyu, mume kafa na bado yuko na mama. Nani ataondoka baada ya kusifiwa vile?

Godoro, jiko la gesi na mabegi vimo garini. Basi lisingebeba yote hayo. Jioni nimejaza tairi zote nne. Nimeongeza kidogo nyuma kwa sababu ya mzigo.

Alhamisi, 5 Juni
Niliondoka alfajiri. Geji ilikuwa chini ya mabegi, sikupima. Giza, na haraka ya kutoka kabla Mama hajaniita. Alisimama mlangoni. Hakunitazama usoni.

Baada ya Chimala gari likaanza kuyumba nyuma. Nikadhani ni mzigo. Karibu na Igawa nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikasimama. Tairi la moto, haligusiki. Ubavu umeanza kupasuka.

Barabara hiihii. Ayubu tairi lilimpasukia huku.

Nilikaa kwenye nyasi. Malori yakipita gari lote linatikisika. Mwishowe nikafunga la akiba, nalo laini. Igawa wakanijazia upepo. Mbele Iringa, nyuma Mbeya. La akiba sina tena. Nikageuza.

Hospitali wamenipa hadi Jumatatu. Niko chumbani kwangu, pale pale. Sijalia. Nina hasira tu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimelibingirisha lile tairi hadi jikoni, nikamwonyesha ubavu.

"Mama, ni wewe?"

Hakukana. Anabonyeza valvu kwa kijiti cha kiberiti.

"Walituambia tairi la Ayubu lilipasuka," alisema. "Kitu kinapasuka kikijaa, mwanangu. Nilikuwa nakupunguzia kidogo."

Kumbe alikuwa ananilinda. Na kidogo aniue. Nikamweleza: tairi laini linajikunja likitembea, linapata moto, ndipo linapasuka. Alikaa kwenye kigoda.

"Kwa hiyo tairi la Ayubu lilikuwa laini?"

"Sijui, Mama."

Kweli sijui. Akaligusa lile tairi ubavuni. Halafu akasema, "Na sikutaka uende. Hilo nalo nisikufiche."

Nilitoka nje. Nimemwonea huruma na bado namkasirikia, yote mawili.

Jumamosi, 7 Juni
Nimenunua tairi jipya. Mama kanisindikiza hadi kwa fundi, kasimama akitazama likifungwa. Akauliza upepo wa kila tairi ni kiasi gani. Nikamwambia. Tuliporudi, getini akasema:

"Kesho nipeleke Igawa. Sijawahi kupaona pale."

Usiku huu sipati usingizi. Nahisi ni njia nyingine ya kunizuia.

Jumapili, 8 Juni
Tumeondoka baada ya ibada. Alishika kishikio cha mlango njia nzima.

Nilimwonyesha mahali Ayubu alipopatia ajali, kama nilivyoonyeshwa mimi. Hakuna cha kuona. Nyasi, mtaro, magari yanapita. Alishuka, akakaza kitenge chake, akasimama. Nilimshika mkono. Hakulia, nami sikulia. Kisha akasema twende.

Igawa mjini alitaka tusimame. Akanunua mchele wa Rujewa. Alibishana bei na yule mama muuzaji mpaka wote wawili wakacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Nikaupakia mfuko, nikasema tukifika nitaumimina kwenye ndoo ya jikoni.

"Huo wa kwako," akasema. "Utahamiaje Iringa na nyumba haina chakula?"

Nikawasha gari.

Alisinzia kabla hatujafika Chimala.