Nani Anatumia Umeme wa Mama

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku niliko. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inanisumbua kwa kusimama kwenye mashine ya pasi kutwa nzima, maana hoteli imejaa wageni na mashuka hayaishi. Wewe hujambo? Wifi na watoto je? Habari za kazi sikuulizi, kinyozi hakosi vichwa.

Nina jambo moja dogo. Tangu tumzike mama, bili ya umeme ya nyumba yake inakuja kwangu na mimi nalipa, kama tulivyokubaliana, wasije wakang'oa mita nyumba ikaonekana gofu. Nilitegemea bili ya nyumba tupu iwe ya kuchekesha. Hizi zinazokuja hazichekeshi. Ni bili za watu wanaopika, wanaopiga pasi na wanaooga maji ya moto. Ufunguo unao wewe peke yako. Hebu pita uangalie kama kuna kitu tulisahau kuzima.

Na usiniambie ni friji. Friji niliichomoa mwenyewe kabla sijasafiri, nikaiacha mlango wazi.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na pole sana kwa miguu. Ukilala iweke juu ya mto, damu ishuke. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na kitinda mimba wetu ameanza kutembea, kwa hiyo ndani ya nyumba hakuna kitu kilicho salama.

Nilikwenda kwa mama. Nilikuta taa ya barazani inawaka, nimeizima. Pia nadhani mita yenyewe imechakaa na inahesabu inavyotaka. Lakini usihangaike kupiga simu ofisini kwa watu wa umeme, wale watakuzungusha mpaka uchoke, na wewe una kazi zako. Niachie mimi, niko karibu.

Halafu dada, nikuulize bila ubaya. Mbona ghafla unaifuatilia sana ile nyumba?

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Miguu inaendelea hivyo hivyo, nashukuru kwa ushauri wa mto.

Taa moja ya barazani haiwezi kula umeme kiasi kile hata ingewaka mwaka mzima. Mimi nafanya kazi kati ya pasi na mashine za kukaushia, najua kinachokula umeme na kisichokula. Kinachokula ni kile kinachotoa joto. Nani anapasha nini kwa mama?

Kama umempangisha mtu, sema. Sitakula wewe wala huyo mpangaji. Kama ni wewe na wifi mmekosana na umehamia kule, sema pia, hayo yanatokea kwa watu wazima. Lakini usinifanye mjinga kwa sababu niko mbali. Nipigie picha ya mita, na uipige mchana nione vizuri.

Dada yako

20 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, wateja walikuwa wengi na mashine yangu moja ya kunyolea iliharibika. Wifi yako hajanifukuza, asante kwa kuuliza. Alicheka sana nilipomsomea.

Picha ya mita hii hapa. Hakuna mpangaji.

Sasa na mimi nina langu. Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu bwana mmoja akataka nimnyoe ndevu. Dada, yule bwana hakuwa na ndevu. Nikampaka sabuni hivyo hivyo, na wembe unapita hewani yeye ananiuliza kuhusu nyumba ya mama, kama ina watu, kama ina hati, kama mwenyewe ana haraka. Nikamwuliza ametumwa na nani, akasema alikuwa anapita tu. Madalali siku hizi wanapita tu? Kama unataka kuiuza nyumba, mimi ni nduguyo, ungeanza na mimi.

Mdogo wako

27 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote.

Yule bwana ni kaka wa mwenzangu wa hapa kazini. Nilimtuma, sikatai. Sikumtuma auze, nilimtuma achungulie, kwa sababu wewe huniambii kitu. Amerudi na taarifa kwamba madirisha ya nyuma yamefunguliwa na kamba ina nguo mbichi. Nilikuwa sijaamua kumwamini mpaka ilipofika picha yako. Chini ya mita kuna kandambili za mwanamume, kubwa. Wewe tangu utoto unavaa viatu vya kuazima kwangu, usiniambie ni zako.

Nimechoka kulipia mtu nisiyemjua. Nimepiga simu ofisini kwao na hawakunizungusha hata kidogo. Nimewaambia mwenye nyumba alifariki, nyumba ni tupu, wakate. Kama kweli hakuna mtu ndani, hakuna atakayelia.

Dada yako

9 Mei

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali leo. Hujanijibu, na sasa najua kwa nini.

Fundi wa umeme alinipigia simu baada ya kukata. Alikuwa mpole, alitaka tu kuhakikisha kwamba hajafanya kosa. Anasema alifunguliwa mlango na mzee mmoja mwenye kifua kibaya. Mzee hakubisha. Aliuliza nani ametoa amri, akaambiwa ni binti wa marehemu. Akasema, "Basi kata, ana haki." Akamshikia ngazi mpaka akamaliza. Fundi akamwuliza yeye ni nani, akajibu kuwa ni mume wa marehemu.

Mama hakuwa na mume. Alikuwa na mtu aliyeuza cherehani yake, mama akiwa hayupo nyumbani, akaondoka na fedha yake, mimi nikaacha shule nikaenda kufua nguo za watu ili wewe usome. Wewe ulikuwa unanyonya, huyakumbuki hayo. Mimi nayakumbuka yote. Na muda wote huu nimekuwa namchemshia maji ya kuoga.

Umempa ufunguo wa nyumba ya mama. Sijui kama nina mdogo tena.

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Hata kama hutaitikia.

Sikumpa ufunguo. Alikuwa nao. Alipewa na mama.

Alirudi mwaka mmoja kabla mama hajafariki. Alikuja mchana, anaumwa, amevaa koti la mvua na mvua hakuna. Mimi nilitaka kumtoa nje kwa shingo. Mama akaniambia nimwekee kiti. Nilikasirika, sikwenda pale kwa wiki kadhaa, na nilipokwenda nikawakuta wanabishana kuhusu chumvi kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuondoka. Yeye ndiye aliyemwuguza mama. Uliponiuliza kwenye simu nani anamlisha na nani anamgeuza kitandani, nikasema ni mimi na mke wangu, nilikuwa nasema uongo. Sisi tulikuwa tunapita jioni tu.

Ulipokuja kwenye mazishi tulimhamishia stoo ya dukani kwangu, pamoja na mataulo. Siku ya maziko alisimama kwenye mstari wa watu wa pole. Ulimpa mkono, dada, ukamshukuru kwa kuja. Alirudi stoo akayakunja mataulo yote upya.

Sasa hivi anachemsha maji kwa mkaa ndani, na moshi na kifua chake haviivi chungu kimoja. Nilimwambia ahamie kwangu, hataki, anasema wifi yako ana watoto wa kutosha.

Kuna neno ambalo nimelificha kuliko yote. Nilimwuliza mama kwa nini tusikwambie, wewe ndiye unayetuma matumizi ya nyumba nzima. Alisema, "Usimwambie dada yako. Namwogopa. Akijua atakata kila kitu." Nilikutetea. Nilimwambia mama kwamba hakujui, kwamba dada hawezi kufanya hivyo.

Mdogo wako

11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini wifi na watoto ni wazima, na huyo anayetembea hajavunja kitu cha thamani.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kwanza nilikuchukia wewe, halafu yeye, halafu mama, na kumchukia mama nilikuwa sijawahi, sikujua hata naanzia wapi. Niliunguza shuka la hoteli wakanikata mshahara. Mwaka ule wa mwisho kila nilipopiga simu alikuwa na haraka. Anauliza kama nimekula, anashukuru kwa nilichotuma, anakata. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe alikuwa anaogopa nitasikia kikohozi cha mtu chumbani.

Mimi nilijua mama ananipenda. Sikujua kama ananiogopa. Nilikuwa nadhani mtu anayetuma kila mwezi bila kukosa hawezi kuogopwa.

Umeme utarudi keshokutwa. Mtu wa ofisini alisema hawawezi kuurudisha kwa jina la marehemu, akaniuliza bili waandike jina la nani. Nikamtajia jina la baba. Sijalitamka tangu niache shule. Aliniomba nimsomee herufi moja moja, nikamsomea, sikukosea hata moja. Bili ziende kwake, azione yeye, fedha nitatuma mimi. Mkaa atoe nje.

Usimwambie nimemsamehe, kwa sababu sijamsamehe. Ile cherehani bado nasikia inavyoburutwa. Lakini mwaka ambao mama alinifungia nje, yeye alikuwa ndani. Mwambie aniandikie. Asiombe radhi, asieleze alikokuwa, hayo sitayasoma. Aniandikie tu mama alikuwa mtu wa namna gani akishaweka simu chini, akishaacha kuniogopa.

Dada yako