Nimeweka Mezani

Baba Watoto, na nyie mapacha,

Chakula kiko kwenye sufuria yenye mfuniko mwekundu. Pasheni moto, msikile kikiwa baridi kama wezi. Nguo zianueni kabla mvua haijanyesha. Lile gitaa lililokuwa nyuma ya kabati nimelichukua mimi, ingawa sidhani kama kuna ambaye angeliulizia.

Asubuhi tukinywa chai niliwaambia nimepata mwalimu wa gitaa. Hakuna aliyeinua macho kwenye simu. Baba Watoto ukanijibu, "Sawa, weka hapo mezani."

Haya, nimeweka.

Niliwaona walimu wawili. Wa kwanza, kijana mwenye studio, vidole vyepesi kama nini, alichungulia nyuma yangu akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nilipomwambia mtoto ndiye mimi, akacheka, akaahidi kwamba baada ya mwezi mmoja nitakuwa moto wa kuotea mbali. Wa pili ni fundi cherehani, zamani alipiga kwenye bendi. Yeye hakuahidi kitu. Aliacha kushona, akaniuliza, "Ukifanya mazoezi nyumbani, nani atakusikiliza?" Kisha akaningoja nijibu.

Nimemchagua huyo. Leo ndiyo naanza.

Taa ya nje iacheni ikiwaka. Msiniwekee chakula, ~~nitakula huko~~ basi, niwekeeni kidogo.

Na kama kuna atakayeuliza nilimjibu nini yule fundi: nilimwambia ~~hakuna mtu~~ tuko wanne.

Mama