Bati kwa Jirani, Karatasi Kwangu

Tunduma, Jumamosi, Novemba 2014

Mawingu yameshuka tangu asubuhi, mvua hakuna, vumbi la malori liko palepale. Nina hasira, na nisipoandika sitapata usingizi.

Nauza mabati na misumari. Nina mashine ya risiti, naitumia, na bei yangu ni moja. Hapa mtaani hiyo ni sawa na kutangaza kwamba nimerukwa na akili. Wenzangu wana bei mbili. Mteja akiingia tu anaulizwa, "Na karatasi au bila?" Karatasi ndiyo risiti. Akisema bila, kodi inaondolewa kwenye bei, naye anatoka anachekelea, akidhani amehurumiwa.

Mpaka watu wameamini kwamba kinachouzwa ghali ni ile karatasi yenyewe.

Leo alikuja shangazi, dada wa marehemu baba, kutoka Msangano. Ameuza mpunga wake ili aezeke. Nyasi za paa lake zimeoza, na mvua ya kwanza ikimkuta hivyo atalala kwenye maji. Nikampa soda, nikamtajia bei. Faida yangu nilikuwa nimeshaiondoa yote, kwa kuwa ni shangazi. Akatoka kwenda kuulizia kwa jirani yangu, Baba Neema, akarudi mpole, kama mtu aliyetumwa kusuluhisha ugomvi.

"Mwanangu, hiyo karatasi yako kaa nayo. Mimi niuzie bati tupu."

Nilimweleza. Nilimweleza mpaka koo likakauka. Kwamba hiyo ni kodi, kumi na nane kwa kila mia, si yangu, mimi naipokea na kuipeleka. Kwamba hata ng'ambo ya geti la mpaka, Nakonde, Wazambia wanakatwa kumi na sita, ila kule bei iliyobandikwa kwenye bidhaa ina kodi humohumo, na hakuna anayekuuliza kama unaitaka. Na kwamba ukikimbilia huko kufuata nafuu, ukivusha mzigo unalipishwa tena huku.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sasa si ndiyo hivyo? Nakonde karatasi wanatoa bure."

Na kwa upande wake ni kweli. Kule hajawahi kupunguziwa bei kwa kukataa risiti, kwa hiyo kule risiti ni nyongeza na huku ni bidhaa. Sisi wafanyabiashara ndio tuliomfundisha hivyo, na inaniuma. Serikali nayo ilitununulisha mashine, ikaenda kulala. Inaamka barabarani tu, ikimwona mama wa watu na mzigo wake.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Alinunua kwa Baba Neema, bila karatasi, wakapakia kwenye fuso, na nje kidogo ya mji wakasimamishwa na watu wa kodi. Risiti iko wapi? Hana. Mabati yakashushwa kando ya barabara, shangazi akakaa juu yake. Baba Neema alipopigiwa simu alisema mashine yake ni mbovu. Mashine ya jirani yangu huugua kila inapohitajika.

Ndipo shangazi akanipigia mimi.

"Mama Gift, naomba uniuzie karatasi. Hiyo peke yake. Nitalipa vile ulivyosema."

Nikamwambia haiwezekani. Nikitoa risiti, mashine inahesabu kwamba nimeuza mimi, na kodi nitadaiwa mimi, kwa mabati ambayo hela yake iko kwenye droo ya mtu mwingine. Halafu akasema tu kwamba wingu la kuelekea kwake, upande wa Ivuna, limekuwa jeusi. Hakulalamika. Angelalamika ningekata simu.

Nikaichapa.

Najua ni kosa, wala sijisafishi. Nikaipeleka mwenyewe kwa bodaboda, na hela yake sikuipokea, maana ningejisikia mwizi mara mbili. Nilipopita dukani kwa Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni, akanipungia mkono kwa furaha kabisa. Sijawahi kumchukia mtu kwa salamu kama leo.

Jioni shangazi kapiga simu. Amefika salama, mabati yako ndani, fundi anakuja kesho baada ya ibada. Akanibariki kwa Kinamwanga, akarudia kwa Kiswahili. Kisha akaniambia nisidhani amesahau wema wangu, kwa sababu majirani zake kadhaa nao wanataka kuezeka kabla mvua haijakolea, na ameshawaelekeza wote.

"Nimewaambia bati wachukue kwa yule baba, karatasi waje kwa mwanangu. Nimewaambia wewe hulipishi."

Nikasema asante, shangazi. Kesho Jumapili sifungui. Jumatatu wakinijia mlangoni na mabati ya Baba Neema, nitawajibu nini?